Viazi, Chapati na Samaki: Vyakula vya Asubuhi Njia ya Kwenda Namugongo

Saa kumi na moja alfajiri, jua halijachomoza bado, stendi ya mabasi ya Bariadi imekwisha amka. Makondakta waita abiria, bodaboda zapita huku na huku, na kina mama wamekaa nyuma ya majiko yao ya mkaa. Mbele yao ziko ndoo zenye vifuniko zilizojaa maandazi, na chapati zimepangwa juu ya sinia na kufunikwa kitambaa. Abiria wa Maswa anunua chapati moja, aitandaza kiganjani, atia maharage katikati, aikunja, naye aila akiwa amesimama, jicho moja likilinda basi lisimwache. Abiria wa Lamadi apasua andazi kwa kidole gumba, atia ndani yai la kuchemsha na chumvi kidogo. Hakuna aliyewafundisha kufanya hivyo. Na ukiwauliza chakula hicho chaitwaje, watakujibu, "Nakunywa chai tu." Maana kwetu mtu hasemi kwamba amekula asubuhi, husema amekunywa chai, hata akiwa amemaliza chapati tatu.

Waingereza wanalo jina la chakula cha namna hii, yaani kitu kilichotiwa katikati ya mkate na kuliwa kwa mkono: wakiita sandwichi. Jina hilo limetoka kwa bwana mmoja mkubwa wa Uingereza, John Montagu, aliyekuwa na cheo cha Earl wa Sandwich. Yasemekana alipenda sana kukaa mezani bila kuondoka, wengine wasema kwa ajili ya kamari, wengine kwa ajili ya kazi zake za serikali. Basi akaagiza aletewe nyama katikati ya vipande viwili vya mkate ili asichafue mikono. Jina hilo laonekana katika maandishi kwanza mwaka 1762. Lakini jambo lenyewe ni la zamani kuliko bwana huyo. Kila mahali ambapo mtu ana haraka ya kwenda shambani, machungani au safarini, ameona mwenyewe kwamba chakula kikikunjwa hubebeka.

Mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, ukikatwa kutoka mikoa ya Shinyanga na Mwanza, na Bariadi ikawa makao yake makuu. Wilaya zake ni Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Watu wa nje wautambua kwa pamba na ng'ombe. Lakini nani awaambiaye habari za chakula chetu cha asubuhi? Mgeni akishuka stendi aona chapati na maandazi, naye afikiri hicho ndicho chakula cha Wasukuma. Sivyo. Ili kukiona chakula chetu yampasa atoke mjini, aende kijijini, apige hodi wakati watu wakisalimiana "Mwangaluka".

Huko atakuta uji wa mtama au wa mahindi, pengine umetiwa maziwa mgando. Atakuta kiporo, yaani ugali wa jana uliopashwa moto, unaoliwa na maziwa au na mboga iliyobaki. Wakati wa mavuno atakuta viazi vitamu vya kuchemsha pamoja na karanga. Na wakati wa kiangazi, viazi vikiisha shambani, atakuta michembe na matobolwa.

Wasomaji wetu wa mikoa mingine huenda wasivijue vitu hivi viwili, tena hata vijana wetu wa mjini huvichanganya. Michembe ni viazi vitamu vilivyomenywa vikiwa vibichi, vikakatwa vipande vyembamba, vikaanikwa. Twabahatika kuwa na majabali mengi. Mama huvitandaza juu ya jiwe safi lililopata joto la jua, navyo hukauka upesi hata vikalia kama vigae ukivitikisa. Vyatunzwa katika gunia au kihenge muda wa miezi mingi, kisha huchemshwa vikaliwa. Matobolwa ni kinyume chake: viazi huchemshwa kwanza, ndipo humenywa, hukatwa kwa urefu, na kuanikwa. Hivyo havihitaji kupikwa tena. Huwa vigumu kama ngozi na vitamu kama vile vimetiwa asali. Mchungaji hutia mfukoni asubuhi, pamoja na karanga za kukaanga, naye huenda na ng'ombe hata mchana. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo sandwichi ya Usukuma: haina mkate, lakini hubebeka, haichafui mikono, nayo humshibisha mtu akitembea.

Kazi ya kuvitengeneza si ndogo. Kumenya debe moja la viazi ni kazi ya asubuhi nzima, na wingu likitanda ghafula watoto wote hukimbilia jabalini kuokoa mali. Nasema "mali" kwa makusudi.

Mwishoni mwa mwezi wa Mei mwaka 2023, kundi la mahujaji wa huku kwetu tulikodi basi twende Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi tarehe 3 Juni. Mimi nilikuwa mwandishi wa majina na mtunza fedha za safari, kwa hiyo nilijua kila mtu alitumia nini njiani. Niliona jambo moja ambalo sikulitegemea: kila tulipovuka wilaya au mpaka, jua lilikuwa lile lile na chai ilikuwa ile ile, lakini kile kilichoshikwa mkononi pamoja na chai kilibadilika.

Kutoka Bariadi hata Lamadi ni mwendo wa kilomita 72 hivi, njia ya lami. Mashamba ya pamba yaachwa nyuma, na ghafula ziwa laonekana. Lamadi imo katika wilaya ya Busega, pwani ya Ziwa Viktoria, karibu na lango la Ndabaka la mbuga ya Serengeti. Hapo wauzaji walitukimbilia madirishani, na kitu cha kwanza walichotuonyesha hakikuwa andazi. Kilikuwa samaki: sato wa kukaanga, wa moto bado, na bakuli za supu yake. Mzee mmoja wa msafara wetu, mwenye miaka zaidi ya 80, alinunua kipande cha sato, akatoa miiba kwa uangalifu, akakikunja ndani ya chapati aliyoichukua Bariadi. Akamega, akampa mjukuu wake sehemu, nao wakala.

Nilipowatazama nilimkumbuka Mwinjili Yohane, sura ya 21. Mitume wamevua usiku kucha pasipo kupata kitu. Kunapokucha wamkuta Bwana Mfufuka ufuoni. Moto wa makaa umewashwa tayari, samaki wako juu yake, na mkate upo. Naye awaita waje wale. Twasoma Injili hiyo kila mwaka wakati wa Pasaka, na sisi wa mbali na ziwa twasikia zaidi habari ya wavu na wale samaki 153. Wavuvi wa Busega, nadhani, wasikia vema zaidi habari ya makaa. Mtu aliyelowa usiku kucha ajua maana ya kukuta moto na chakula ufuoni. Na mkate ule haukuwa kitu cha anasa. Yule kijana wa sura ya 6 mwenye mikate mitano na samaki wawili, mikate yake ilikuwa ya shayiri, yaani mkate wa watu maskini wa nchi ile.

Tukapita Bunda na Tarime, tukavuka mpaka Sirari, tukalala Kisumu. Asubuhi yake tulitoka kutafuta chai. Chai ya Kenya ni maziwa hasa. Wenzangu waliopenda chai ya rangi walilalamika, mimi sikulalamika. Chapati zao ni nene kuliko zetu. Lakini kilichotuchekesha ni kijana mwenye kigari cha kusukuma. Alitwaa yai la kuchemsha, akalipasua katikati, akalijaza kachumbari ya nyanya na vitunguu na pilipili, akalifunga tena. Kisha akatwaa soseji akaifanya vivyo hivyo. Hakuna mkate hapo hata kidogo! Soseji yenyewe imekuwa mkate. Katekista wetu alikula mbili, akasema amefanya hivyo ili ajue habari kamili.

Kisumu si mahali pa kupita bila kutaja chapati ilikotoka. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, nayo ilifika ziwani hapo mwezi wa Desemba 1901. Waingereza walileta wafanyakazi kama 32,000 kutoka Bara Hindi. Wengi walirudi kwao, wengine walikufa kazini, lakini wako waliobaki, na wafanya biashara wakaja nyuma yao. Waliingia hata kwetu Usukumani, wakafungua maduka na viwanda vya kuchambulia pamba. Chapati ni neno la Kihindi na chakula cha Kihindi. Leo mtoto wa Itilima akililia chapati sikukuu ya Krismasi hadhani kabisa kwamba analilia chakula cha kigeni, naye hakosei. Kitu kilichopikwa na bibi yako si kigeni tena.

Na kama wataka kuona jinsi watu wanavyoweza kukitwaa chakula cha wengine na kukifanya chao, nenda Kampala. Tarehe 2 Juni tulikuwa na nafasi ya kutembea. Tulisali Rubaga, kisha wachache wetu tukafika Wandegeya, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere. Kandokando ya njia wamepanga vijana wenye meza ndogo, jiko la mkaa na bamba la chuma la duara. Kijana atwaa mayai mawili, ayavunja katika kikombe, akata kitunguu, kabichi na nyanya kwa upesi wa ajabu, atia chumvi, akoroga, amimina juu ya bamba lenye mafuta. Yai likianza kushikana, aweka chapati juu yake, ageuza vyote pamoja, aongeza vipande vya nyanya mbichi, kisha avikunja mviringo kama mkeka na kuvifunga katika karatasi. Hata dakika tano hazikupita. Chakula hicho wakiita roleksi. Waganda wasema jina hilo ni maneno ya Kiingereza ya "mayai yaliyokunjwa" yaliyosemwa upesi upesi hata yakafanana na jina la saa za thamani. Kijana yule hakujua Kiswahili nami sijui Kiganda. Alininyoshea vidole viwili, kisha vitatu, akiuliza mayai mangapi. Nikajibu kwa vidole viwili.

Roleksi ilikuwa chakula cha wanafunzi wasio na fedha na wasio na jiko. Sasa ni fahari ya nchi. Tangu mwaka 2016 wameifanyia tamasha Kampala, na mwaka 2021 walipika moja ya kilo zaidi ya 200, yenye mayai 1,200, ikaandikwa katika kitabu cha Guinness. Mambo ya ukubwa kama hayo mimi hayanivuti sana. Kilichonivuta ni kwamba Waganda hawakuona haya kumpa mgeni chakula cha kando ya njia na kumwambia, "Hiki ndicho chetu."

Siku ya sikukuu yenyewe sitaisimulia yote, maana wengi wenu mmekwisha kuisikia. Hapo Namugongo tarehe 3 Juni 1886 Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake waliuawa kwa kuchomwa moto, na Baba Mtakatifu Paulo wa 6 aliwatangaza watakatifu 22 tarehe 18 Oktoba 1964. Misa ilikuwa ndefu, jua lilikuwa kali. Tulipotoka, kila kundi likatafuta kivuli likafungua vikapu. Hapo ndipo yule mzee wa sato alipofungua kitambaa chake. Ndani mlikuwa na matobolwa na karanga.

Nikamwuliza, "Shikamoo Baba. Kumbe umebeba matobolwa kutoka Bariadi hata Uganda?"

"Marahaba, Karani. Tangu utoto wangu sijaenda Misa ya mbali bila haya."

Akatueleza. Alipopokea Komunyo ya kwanza, kanuni ya kufunga ilikuwa kali. Mtu atakaye kupokea hakuruhusiwa kula wala kunywa kitu chochote tangu saa sita ya usiku, hata maji. Kwao kulikuwa mbali na misheni. Waliondoka usiku wa manane, wakatembea mpaka kunakucha, wakaungama, wakasikiliza Misa, ndipo wakafungua kinywa chini ya miti nje ya kanisa. "Mama yetu alikuwa akifunga matobolwa vizuri na kuyabeba yeye mwenyewe kichwani," akasema. "Hakutuamini sisi watoto. Njiani twasikia harufu yake, twameza mate, kisha twaulizana kama kumeza mate ni kuvunja mfungo."

Kanuni hiyo Baba Mtakatifu Pius wa 12 aliilegeza mwaka 1953, akiruhusu maji; mwaka 1957 akaifanya kuwa saa tatu kwa chakula; na mwezi wa Novemba 1964 Paulo wa 6 akaifanya saa moja kabla ya kupokea, ndiyo tunayoifuata hata leo. Vijana walimsikiliza mzee kana kwamba awasimulia habari za nchi nyingine. Lakini neno letu "kufungua kinywa" lapata maana kamili kwa habari kama hiyo. Kinywa kilikuwa kimefungwa kweli.

Sasa nitazame mbali kidogo. Mombasa na Lamu watu hula mahamri, yaliyotiwa iliki na tui la nazi, pamoja na mbaazi za nazi. Wengi hulipasua hamri na kuchotea mbaazi. Maskati, huko Omani, huoka mkate mwembamba kama karatasi juu ya chuma, huutia yai au jibini au asali na kuukunja. Na nyumba zilizotoka Unguja hazijaacha maandazi yao hata leo. Misri maskini na tajiri hula maharage ya ful, yaliyopikwa polepole usiku kucha, ndani ya mkate wa duara. Vietnam Wafaransa waliacha mkate wao mrefu. Wenyeji wakautia nyama, figili, majani ya giligilani na pilipili, hata Mfaransa mwenyewe asiutambue. Na katika mji mkuu wa Meksiko wafanya kazi wa asubuhi hula donge la unga wa mahindi lililopikwa kwa mvuke, nalo limetiwa ndani ya mkate! Ni sawa na sisi kutia ugali ndani ya andazi. Nilipowaambia wenzangu jambo hili walikataa kunisadiki.

Angalieni vyakula hivyi vyote. Mara nyingi mkate ndio uliotoka mbali, lakini cha ndani ni cha nyumbani: nazi ya pwani, maharage ya Misri, mahindi ya Meksiko, samaki wa Lamadi. Watu wamekubali kilichokuja pasipo kukitupa walichokuwa nacho. Hapo ndipo niogopapo kwa ajili yetu. Kwetu Simiyu naona cha nje kimekuja, na cha ndani chafichwa.

Nimeyaona katika nyumba nyingi za vigango vyetu. Mgeni akifika asubuhi, mtoto hutumwa mbio dukani kununua maandazi, na sahani ya viazi huondolewa mezani na kupelekwa jikoni. Mtoto wa shule akipewa matobolwa huyala njiani kabla hajafika, ili wenzake wasimcheke. Na michembe huitwa chakula cha njaa. Ni kweli iliwaokoa wazee wetu wakati wa njaa. Lakini kitu kilichokuokoa wastahili kukionea haya?

Tufanye hesabu, maana ninyi wakulima mwajua hesabu kuliko sisi wenye kalamu. Tuseme nyumba ina watoto wanne wa shule, na kila mmoja apewa maandazi mawili ya shilingi 200 kila moja. Hiyo ni shilingi 1,600 kwa siku. Mwaka wa shule una siku 194; jumla ni shilingi 310,400. Tukiihesabu pamba kwa shilingi 1,150 kilo moja, hizo ni kilo 270 za pamba. Kwa wengi wetu hayo ni mavuno ya ekari nzima: kulima, kupanda, kupalilia mara mbili, kupiga dawa, kuchuma, yote yaliwe kwa maandazi ya asubuhi. Tena ngano haioti huku kwetu. Sehemu kubwa ya ngano ya Tanzania huagizwa kutoka nchi za nje. Vita ya Urusi na Ukraine ilipoanza mwezi wa Februari 2022, bei ikapanda duniani kote, na andazi la Bariadi likawa dogo bila mtu kutangaza.

Mtu mmoja aliniambia, "Karani, hata hostia ni ya ngano." Ndiyo, na lazima iwe hivyo, sheria ya Kanisa yaagiza mkate wa altare uwe wa ngano tupu, kama ule wa Bwana. Mimi mwenyewe ndimi nihesabuye hostia parokiani, najua zitokako na gharama yake. Lakini Kanisa halijaagiza popote kwamba meza ya nyumbani nayo iwe ya ngano.

Sisemi tuache chapati. Mimi naipenda, na sikukuu bila chapati watoto hawaihesabu kuwa sikukuu. Nasema andazi tupu na chai ya rangi yenye sukari nyingi si chakula cha mtoto atakayetembea kilomita nne na kukaa darasani hata mchana. Mwalimu humwona saa nne akisinzia, naye humdhania mvivu. Chai kali, ikinywewa pamoja na chakula, humzuia mtoto asipate vizuri madini ya chuma yaliyomo. Afadhali maziwa, na huku kwetu kwenye ng'ombe hakuna udhuru mkubwa wa kuyakosa. Kiazi kimoja cha kuchemsha na konzi moja ya karanga, au uji uliotiwa karanga zilizosagwa, humfikisha mbali kuliko maandazi mawili. Karanga zichambuliwe lakini. Zile zilizoota ukungu au kunyauka na kugeuka rangi zitupwe, wasipewe watoto wala kuku, kwa sababu zina sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa njia ya mahindi.

Na kama wapo watakaoanza msimu huu, watafute viazi lishe, vile vya rangi ya machungwa ndani, kama Kabode au Ejumula. Vina vitamini A, inayolinda macho ya watoto na kuwapa nguvu ya kushindana na magonjwa, ambayo viazi vyetu vyeupe havina. Mwulizeni afisa ugani wa kata, au wanaokwenda Mwanza waulize kituo cha utafiti cha Ukiriguru. Marando yakatwe urefu wa sentimeta 30 hivi kutoka sehemu ya juu ya mmea usio na ugonjwa, yapandwe juu ya matuta mvua ikishakolea, theluthi mbili zifukiwe ardhini. Baada ya miezi minne hivi waweza kuchimba. Mkitaka kufanya michembe au matobolwa ya viazi hivi, msivitandaze juu ya jabali penye jua kali kama tulivyozoea; vianikeni kivulini penye upepo, juu ya kichanja, maana jua hupunguza vitamini ile. Vitachelewa siku mbili tatu kukauka, lakini rangi yake itabaki.